Altezza ya Mwalimu: Bomba Lililobebeshwa Makosa Yasiyo Yake

Mwalimu alikuja na malalamiko manne, na yote aliyatwika bomba moja, lile la eksozi linalotoa moshi. Gari lake, Toyota Altezza, linakunywa mafuta, lita moja haifikishi kilomita 7. Kilima cha Bugando likikipanda kwa gia ya tatu linazama, mpaka ashushe ya pili. Kwenye lami ya kwenda Musoma, mshale ukifika kilomita 100 kwa saa, ndani kunavuma kiasi kwamba watu hawasikilizani. La nne alilisema mwisho kabisa, mkono tayari uko kwenye kitasa cha mlango, kana kwamba ni jambo la pembeni: mtoto wake wa miaka 6 akikaa kiti cha nyuma, wakifika Kisesa analalamika kichwa, na mara mbili ametapika.

"Fundi, nimeambiwa bomba ni kubwa mno. Nitolee hili, niwekee dogo, basi yaishe."

Nilimwomba aniachie gari siku mbili bila kukata kitu. Hakufurahi. Alikuwa ameshazunguka gereji tatu, na kila mmoja alimpa jibu palepale, amesimama, bila hata kulipandisha gari kwenye shimo.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu magari ya namna hii yamejaa hapa Mwanza, na karibu yote hupewa dawa ileile: kata, pachika bomba kubwa, likisumbua, kata tena, pachika dogo. Bomba la mwalimu lilikuwa na kosa, sikatai. Ila kwa uzito lilikuwa kosa la tatu. Tungelikata siku ile tungemrudishia gari linalokunywa vilevile, na mtoto anayeumwa kichwa vilevile.

Gari lenyewe

Altezza ilitoka Japani mwaka 1998 na ikatwaa taji la Gari la Mwaka la nchi hiyo kwa msimu wa 1998–1999. Nchi nyingine iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Hii ya mwalimu ni RS200 ya 1999, gia sita za mkono, injini ya 3S-GE yenye silinda nne na cc 1,998. Toyota waliitaja kuwa na nguvu ya farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na torki (nguvu ya kuzungusha) ya juu kabisa, nyutoni mita 216, inapatikana kwenye mizunguko 6,400.

Hizo namba za mizunguko ndizo za kuangalia. Hii ni injini ya kuimba juu. Chini ya 3,000 haijawahi kuwa na misuli, hata ikiwa mpya. Anayeinunua akitegemea ivute kama dizeli atamlaumu kila fundi atakayekutana naye.

Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kumsikia muuza magari akimwambia mteja wa kanda hii. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10, na injini isiyo na tabo, ile mashine ya kushindilia hewa ndani ya injini, hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa hiyo Altezza iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam na farasi wake 210, ikifika Nyegezi inabaki na kama 190 kabla hujaigusa. Hewa hiyo iliyopungua hakuna bomba litakalokurudishia.

Mwenye gari wa kabla ya mwalimu alitoa eksozi ya kiwandani yote. Mabomba yalikwenda kwenye chuma chakavu. Masega, yaani kile kifaa cha kusafisha gesi za moshi chenye vitundu kama sega la nyuki, aliwauzia wale wanaopita magereji wakiyatafuta, kwa sababu ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Mahali pake likawekwa bomba la inchi 3 la chuma cheusi, moja kwa moja mpaka silensa moja ya nyuma, na mdomo wake ukaishia chini ya buti, sentimita kama 15 kabla ya bampa. Yule mtu alitaka kelele, akapewa kelele.

Tulichokiona kwanza

Taa ya injini ilikuwa inawaka. Kale kakifaa ka kuchomeka kanakosoma kwa simu hakakuzungumza na gari kabisa, jambo la kawaida kwa Toyota za soko la Japani za miaka ile. Kompyuta zake zina lugha yake. Kwa magari haya bado kuna njia ya zamani: kuunganisha kwa waya pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, kisha kuhesabu taa inavyopepesa. Ila nilitaka kuona namba zikitembea, kwa hiyo nikaazima mashine inayojua Toyota.

Namba iliyonisimamisha ni ile inayoonyesha kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza mafuta kwa kiasi gani. Kwa injini nzima hucheza karibu na sifuri, tano juu au tano chini. Ya mwalimu ilikuwa imeongeza asilimia 19.

Maana yake ni kwamba sensa ya oksijeni ilikuwa inaona hewa nyingi kwenye moshi, ikaiambia kompyuta kwamba mafuta hayatoshi. Kompyuta ikatii, ikamimina. Sensa ikaona hewa bado ipo, ikasema tena. Fundi aliyetangulia alishabadilisha sensa mara mbili akidhani inadanganya. Sensa ilikuwa mkweli. Hewa ilikuwepo kwelikweli, ila haikuwa imepitia ndani ya silinda.

Asubuhi ya siku ya pili injini ilikuwa baridi. Tulichomeka mdomo wa blowa kwenye bomba la nyuma, tukaziba pembeni kwa tambara lililolowa, tukawasha. Kijana wangu alikuwa na chupa ya maji ya sabuni, ile ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi, akaanza kunyunyiza kuanzia nyuma kuja mbele. Maungio ya silensa: kimya. Katikati: kimya. Kwenye flanji ya mbele, lile bapa la chuma linalounganisha mabomba, yakatoka mapovu makubwa, mazito, ya polepole. Nikasema hapa ni mahali pa kwanza. Tukaendelea kupanda, na pale mabomba manne ya manifodi, yale yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda, yanapokutana, sentimita chache kabla ya sensa, mapovu madogomadogo meupe yakaanza kuumuka kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Nilipofuta kwa kidole nikaona mstari mweusi wa masizi, na katikati ya masizi kuna ufa. Urefu wake haukuzidi ukucha wa kidole gumba.

Kila mtu huniuliza: ufa kwenye eksozi si unatoa moshi nje, hewa itaingiaje? Moshi hautoki kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, kila silinda na pigo lake, na nyuma ya kila pigo kuna kipande cha mvuto, presha inashuka chini ya ile ya nje kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Injini ikiwa chini, kwenye sailensi (gari limesimama, injini inaunguruma) au ukitembea taratibu mjini, mapigo yako mbalimbali na mvuto unapata nafasi. Basi ule ufa unatema moshi, unanyonya hewa, unatema, unanyonya. Hewa inayonyonywa inapita mbele ya sensa hapohapo.

Na kwa nini kilima kiliishinda? Ukikanyaga mafuta mpaka chini, kompyuta haimsikilizi tena sensa, lakini inabeba yale iliyokwisha kujifunza. Ikabeba ile asilimia 19. Mchanganyiko ukawa mzito kupita kiasi, na injini iliyokabwa na mafuta hupoteza nguvu kama iliyokosa mafuta.

Mtoto

Hapa sikusubiri kumaliza vipimo. Nilimpigia mwalimu simu nikamwambia mtoto asipande tena gari hili mpaka nitakapomwambia, na ampeleke hospitali aeleze kwamba amekuwa akivuta moshi wa gari.

Petroli ikiungua vibaya, na huku ilikuwa inaungua kwa mchanganyiko mzito na bila masega, hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu inazunguka mwilini ikiwa haijabeba inachotakiwa kubeba. Dalili zake za mwanzo ni kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Watu wakasema mtoto anasumbuliwa na safari.

Gesi ilikuwa na milango miwili ya kuingilia. Ule ufa na ile flanji viko karibu na ukuta wa injini, chini ya matundu yanayoleta hewa ndani. Na kule nyuma, bomba lililoishia chini ya buti lilikuwa linamwaga moshi mahali ambapo hewa hujizungusha gari likiwa mwendoni. Nyuma ya gari linalokimbia kuna mvuto, na moshi unaotoka ndani ya eneo hilo hurudi. Mpira wa mlango wa buti ulikuwa umechoka upande mmoja. Nilipitisha karatasi gari likiwa limefungwa, ikatoka bila kukwama. Mwalimu mwenyewe alikaa mbele na dirisha lake wazi. Aliyekuwa anavuta ni aliyekaa nyuma.

Alipofika jioni alikaa juu ya tairi lililolala pale nje, hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha karatasi inavyopita.

Daktari alimpima mtoto, akamwona yuko salama. Ningependa kila fundi anayefupisha bomba ili lipendeze akumbuke kwamba mdomo wa eksozi lazima utoke nje ya bodi kabisa, uipite bampa. Hili halina mjadala kwangu.

Kwa nini ufa ulitokea

Chuma cha pua kikipashwa moto kwa nyuzi 300, bomba la mita 3 hurefuka kwa kama milimita 15. Injini nayo hujipinda kwenye mipira yake kila unapokanyaga na kuachia. Toyota walijua hayo, ndiyo maana kiungo cha mbele hufungwa kwa gasketi ya mviringo na bolti zenye springi, kipate kucheza. Aliyefunga bomba la inchi 3 alitupa springi, akachomelea flanji bapa, akaikaza kwa bolti kavu na gasketi mbili juu ya nyingine kwa sababu flanji ilishapinda kwa moto wa kuchomelea. Eksozi nzima ikawa fimbo moja ngumu kutoka injini mpaka nyuma. Kila tuta la Buzuruga na Igoma likigonga bomba, kipigo kilikwenda moja kwa moja kwenye manifodi, na manifodi ikapasuka pale palipo dhaifu.

Tulianza na hayo peke yake. Tulitoa manifodi, tukasaga ufa mpaka mwisho wake, tukatoboa kitundu kidogo kila ncha ili usiendelee kutambaa, tukauchomelea kwa gesi ya agoni. Flanji tukaisawazisha kwenye kioo kinene chenye msasa, tukarudisha bolti za springi na gasketi ya mviringo. Mdomo wa nyuma tuliurefusha kwa muda. Mpira wa buti ukabadilishwa. Bomba la inchi 3 tuliliacha palepale makusudi.

Nilikuwa nimeshapima gari kabla ya kugusa kitu. Alfajiri, kwenye kipande cha barabara chenye mwinuko kidogo kupita Usagara, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 mpaka 80 kwa saa, mwalimu anaendesha, mimi nimeshika saa. Mara tano, tunachukua ya katikati. Ilikuwa sekunde 7.9. Baada ya kuziba ufa, siku tatu baadaye ili kompyuta ipate muda wa kujifunza upya, kipande kilekile, saa ileile: sekunde 7.2. Ile namba ya asilimia 19 ilikuwa imeshuka mpaka 3. Taa ya injini ilizimika na haijawaka tena.

Bomba lilelile pana lililolaumiwa na gereji tatu lilikuwa bado liko chini ya gari.

Sasa bomba

Mwalimu angeweza kuishia hapo kwa gharama ndogo sana, na nilimwambia hivyo. Lakini uvumi wa kilomita 100 ulikuwa haujaguswa, masega hayakuwepo, na chuma cheusi kilishaanza kula kutu. Akasema tufanye mara moja, tena vizuri.

Kuna msemo unaozunguka magereji kwamba injini inahitaji presha ya nyuma, kwamba bomba likiwa pana presha inapotea na gari linakosa nguvu. Si kweli. Hakuna injini inayofaidika kwa kusukuma moshi wake dhidi ya kizuizi. Kinachohitajika ni mwendo. Moshi unaokwenda kasi unauvuta ulio nyuma yake, na ule mvuto ukifika kwenye silinda wakati valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa, ziko wazi kidogo, unasaidia kuifagia. Bomba likipanuliwa kupita kiasi moshi unapoa, unazubaa, na mvuto unalegea, hasa kwenye mizunguko ya chini.

Bomba la milimita 76, yaani lile la inchi 3, lenye unene wa 1.5 lina kipenyo cha ndani cha 73. La milimita 63.5 lina kama 60. Ukizigeuza kuwa eneo, la kwanza linazidi la pili kwa karibu nusu, kwa hiyo moshi uleule ukipita kwenye la 63.5 utakwenda karibu mara moja na nusu ya kasi. Kwa injini ya cc 2,000 isiyo na tabo, la 63.5 linatosha mpaka juu kabisa. La inchi 3 ni la mwenye tabo.

Nakiri, hata hivyo, kwamba huku nyuma ya masega kipenyo hakina uzito ambao watu wanakipa. Urefu na upana wa mabomba ya manifodi ndio unaoamua zaidi. Nilitarajia faida ndogo, na nikamwambia mapema kwamba ni ndogo.

Kwa nini 63.5 na si 60 kamili? Kwa sababu ya samaki. Mwanza ina viwanda vya minofu ya sangara, na viwanda hivyo hutumia mabomba ya chuma cha pua ya vipimo maalumu: 51, 63.5, 76. Kona zake zimekunjwa kwa mashine, haziminyiki pale zinapopinda. Kona iliyokunjwa kwa kujaza mchanga na kupasha moto hubonyea upande wa ndani, na bomba lako la 63 linakuwa la 50 kila linapopinda. Kwa nini nihangaike na mchanga wakati kona safi za daraja la 304 zinauzwa hapahapa mjini? Nilikwenda na sumaku mfukoni. Chuma cha 304 kwa kawaida hakishikwi na sumaku, labda kidogo tu pale kilipokunjwa. Kikishika kwa nguvu, ujue umeuziwa daraja lingine.

Na mchomeleaji nilimtafuta hukohuko. Ni mzee aliyechomelea mabomba ya kiwanda cha samaki kwa miaka mingi, na alinifundisha kitu ambacho nilikuwa nakifanya nusunusu. Kabla ya kuwasha moto aliziba ncha zote mbili za bomba kwa karatasi na gundi ya karatasi, akaingiza kipira chembamba cha agoni ndani, akasubiri. Nikamwuliza anasubiri nini.

"Hewa itoke kwanza, mwanangu. Ndani kukiwa na hewa, upande wa nyuma wa weldi utaota chenga kama sukari. Nje utasema umechomelea vizuri, ndani umeweka msasa."

Alipomaliza alikata kipande cha majaribio kwa msumeno, akanipa nitazame. Upande wa ndani mstari wa weldi ulikuwa laini, rangi ya majani makavu, hauna hata punje moja. Akachomelea kingine bila gesi ya ndani, akakikata nacho. Kilikuwa kimeota vichunusi vyeusi vinavyokwaruza kidole. Vichunusi hivyo husumbua mwendo wa moshi, na mbaya zaidi, pale kromiamu imeshaungua, kwa hiyo kutu huanzia hapo. Chuma cha pua nacho hushika kutu ukikiharibu.

Kutu si jambo dogo kwetu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Safari ndefu maji hayo hutoka kama mvuke. Safari ya Kirumba mpaka sokoni na kurudi, silensa haijapata moto, maji yanalala ndani yakiwa na asidi. Kwa mtu wa safari fupi, chuma cheusi huoza kuanzia ndani, na siku unapoona tundu nje, ndani kumeshakwisha. Tuliweka kitundu cha milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya silensa.

Masega tuliagiza Dar, Ilala, yametolewa kwenye Altezza iliyokatwa. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anipigie picha akiwa amemulika tochi upande mmoja, nione mwanga upande wa pili. Yakifika nikayatikisa sikioni. Sega lililopasuka linacheza kama njugu; lililoyeyuka halipitishi mwanga. Haya yalikuwa mazima. Wapo watakaosema masega yanakaba. Yaliyoziba, ndiyo. Mazima yanachukua kidogo mno, na nilipopima presha kwenye tundu la sensa, gari likiwa limekamilika, kwenye mizunguko 7,000 geji haikuvuka psi 2 na nusu. Sioni sababu ya kumnyima mtoto, na wanaotembea kando ya barabara ya Kenyatta, hewa safi kwa ajili ya hicho kidogo.

Uvumi wa kilomita 100

Sehemu hii niliipenda kuliko zote, kwa sababu hesabu ilikuja kukutana na sikio.

Altezza ya gia sita, kwenye gia ya sita, ikiwa kilomita 100 kwa saa, mshale wa mizunguko unasoma kama 3,000. Hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo ni mapigo 100 kwa sekunde. Sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde ni nzito, haizuiliki kwa sufi ya silensa, na ndiyo inayojaza gari na kuumiza kichwa.

Dawa yake ni bomba kipofu: bomba la pembeni lililochomelewa kwenye bomba kuu, ncha ya mbali imezibwa. Sauti inaingia, inagonga ukuta, inarudi ikiwa imechelewa nusu ya wimbi, na kukutana na inayokuja ikiwa kinyume chake. Zinauana. Ili hilo litokee urefu wake uwe robo ya wimbi. Kwenye gesi yenye nyuzi 150, ambayo ndiyo hali ya gesi iliyolala ndani ya bomba lisilopitisha kitu, sauti hukimbia kama mita 410 kwa sekunde. Gawanya kwa 100, kisha kwa 4: mita 1 na sentimita kama 3.

Tulianza na mita 1.15, kifuniko kimeshikwa kwa nukta mbili tu za weldi. Tukaenda barabarani, uvumi ukazimika kwenye kilomita 90, ila kwenye 100 ukawa bado upo. Tukakata sentimita 5. Kimya kikasogea mpaka 95. Tulipofika mita 1.04 mwalimu alikuwa ananieleza habari za mitihani ya kidato cha pili, na katikati ya sentensi akanyamaza, akatazama dashibodi. Tulikuwa kilomita 100, na hakuwa amepaza sauti.

Rezoneta ya katikati, yaani chemba ya kupunguza sauti, niliiweka kwa ajili ya ukali wa juu. Mlio wa 3S-GE ukipita 6,000 ni mzuri, sikutaka kuuzima. Nilitaka uwe wa injini, usiwe wa bati. Njia ya bomba tuliinua ikae juu ya usawa wa kiunzi cha chini, ili tuta likigusa, liguse chuma kinene kwanza.

Mwisho wa hesabu

Kilomita 40 mpaka 80, kipande kilekile cha Usagara: sekunde 6.9. Kwa hiyo ufa mdogo kama ukucha ulikuwa umechukua sekunde 0.7, na bomba pana 0.3. Mafuta sasa lita moja inampeleka kilomita 9 na nusu. Gharama yote ilifika shilingi 1,380,000, zaidi ya robo yake ni masega. Ile kazi ya mwanzo ya ufa, flanji na mpira wa buti, iliyoondoa karibu tatizo lote la nguvu na la afya, ilikuwa chini ya 200,000.

Kosa langu mimi: kishikio kimoja cha nyuma nilikiweka karibu mno na tangi, bila kuacha nafasi ya zile milimita 15 za kurefuka. Gari likipata moto lilikuwa linagonga kwa mbali. Alirudi baada ya wiki, nikakisogeza bila malipo, na nikakagua bolti za springi kwa sababu gasketi mpya hulala kidogo baada ya kilomita mia chache.

Wiki iliyopita alinipigia asubuhi na mapema, ana wasiwasi kwamba silensa inavuja. Ameona matone sakafuni. Nikamwuliza yana rangi gani.

"Maji tu, fundi. Meupe."

Nikamwambia kile kitundu cha milimita 3 kinafanya kazi yake. Nyuma yake nilikuwa namsikia mtoto akiuliza kama leo wanakwenda na gari.

"Anataka kukaa nyuma," mwalimu akasema. "Nimruhusu?"

Nikamwuliza kama ule mpira wa buti bado unaikamata karatasi. Akaenda kujaribu akiwa na simu mkononi, nikamsikia anavuta, anavuta tena.

"Imechanika," akasema. "Haitoki."